Kalamu ya midomo: hatari haikuwa kwenye sindano

Tangu kalamu za kujaza midomo, zile zinazopuliza jeli ndani ya mdomo bila sindano, zianze kupita kwenye stetasi za WhatsApp za wauza urembo hapa Tanga, watu wamejigawa makundi mawili, na nionavyo mimi yote mawili yanabishania pembeni ya jambo. Kundi la kwanza linasema wasichana wa siku hizi hawaridhiki na walivyoumbwa: nyusi, kucha, makalio, sasa midomo, kila kiungo kinataka marekebisho. Kundi la pili linajibu kwamba huo ni wivu na ushamba, kwani kifaa chenyewe hakina sindano, mtu anajifanyia chumbani kwake mbele ya kioo, jioni anakwenda kwenye singo, sherehe ya kumsinga mwenzake anayeolewa, midomo imejaa. Katika kelele hizo, ile sifa ya kutokuwa na sindano imepita bila kuulizwa, na hata wanaopinga wameikubali kimyakimya. Mimi siikubali. Sindano haikuwa tatizo la kazi hii. Sindano ndiyo inayompa mtaalamu uwezo wa kuamua jeli iingie wapi, kina gani, kwa kiasi gani, na lini aache. Kalamu imeuondoa uwezo huo, ikabakiza karibu kila hatari nyingine, kisha ikauzwa kwa jina la usalama.

Kifaa chenyewe nilikiona kwa dada mmoja wa Ngamiani anayesuka na kubandika kope. Boksi jeupe lenye maandishi ya dhahabu. Ndani kalamu nene ya chuma rangi ya waridi, vichwa vya plastiki vyenye tundu ambalo hulioni mpaka ukielekeze kichwa kwenye mwanga, na vichupa vya jeli nzito kama ute wa yai. Unavuta jeli ndani ya kichwa, unakifunga kwenye kalamu, unazungusha kitako mpaka springi ikaze, unakibana mdomoni, unabonyeza. Kinalia "tak". Ili kunitoa wasiwasi alichukua chungwa la Muheza, akatia maji yenye rangi ya keki badala ya jeli, akapiga hapa na pale kwenye ganda. "Unaona, dada? Hakuna sindano. Inapuliza tu." Juu ya ganda vilibaki vidoa vyekundu vidogo, basi. Nikaomba kisu. Tulipolipasua, rangi ya pigo moja ilikuwa imeishia kwenye ganda, ya lingine imetapakaa kwenye ule utando mweupe, na ya jingine imefika kwenye nyama ya chungwa. Mkono ule ule, kalamu ile ile, chungwa lile lile. Alinyamaza kidogo, akasema labda hakuwa amekaza sawasawa. Si mtu mbaya, na wala hakunidanganya. Alinieleza alichoelezwa na aliyemuuzia mtandaoni. Kwenye vichupa hapakuwa na jina la kiwanda, namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda.

Kwanza tuelewane kuhusu jeli yenyewe, maana hapo ndipo utetezi mwingi unapoanzia. Asidi ya haialuroni ni kitu cha kweli na si sumu. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye jicho la ng'ombe, na baadaye ikajulikana kwamba imo kwenye ngozi zetu, kwenye maungio ya mifupa na kwenye macho, ambako kazi yake kubwa ni kushika maji. Lakini ile ya mwilini haidumu. Ngozi huivunja na kuitengeneza upya kila mara. Ukitaka ikae mdomoni kwa miezi, kiwanda hulazimika kuunganisha nyuzi zake kwa kemikali mpaka ziwe jeli ngumu kidogo isiyovunjika haraka. Hiyo ndiyo fila. Ya kwanza ya aina hiyo kuruhusiwa Marekani, Restylane, ilipata kibali Desemba 2003, na masharti ya huko mpaka leo yako wazi: fila zilizoidhinishwa ni za watu wazima wa kuanzia miaka 22, zinaingizwa kwa sindano au kanula, yaani mrija mwembamba wenye ncha butu, na anayeziingiza ni mtaalamu wa afya mwenye leseni. Kwa hiyo mtu anayesema "ni kitu cha asili, kimo mwilini" ameeleza malighafi tu. Hajaeleza kilichofanywa kiwandani, wala kama kilichomo kwenye kile kichupa kisicho na jina ni hiyo haialuroni kweli.

Wazo la kupenyeza dawa bila sindano nalo si geni, na watetezi wa kalamu wana haki ya kulitaja. Mitambo ya kupuliza chanjo kwa mgandamizo ilitumika katika vita dhidi ya ndui Afrika Magharibi miaka ya 1960, na mwaka 1980 dunia ikatangaza kwamba ndui imekwisha. Wapo pia wagonjwa wa kisukari katika nchi zilizoendelea wanaojipulizia insulini kwa vifaa vya namna hiyo. Basi kama chanjo na insulini zinapita, kwa nini midomo iwe nongwa? Swali ni zuri, na jibu lake liko kwenye aina ya dawa na mahali inapokwenda. Chanjo na insulini ni nyepesi, zinasambaa na kuchukuliwa na damu. Ikiingia milimita moja juu au chini kwenye mafuta ya tumbo au kwenye bega, kazi inafanyika. Fila ni nzito na imetengenezwa ili isiondoke pale ilipowekwa. Na mdomo si tumbo: ngozi ya ile sehemu nyekundu ni nyembamba mno, chini yake kuna misuli na mishipa ya damu iliyopangana ndani ya milimita chache. Kina inachofika jeli iliyopulizwa kinategemea nguvu ya springi, uzito wa jeli, ulaini wa ngozi ya mtu huyo, pembe uliyoshikia kalamu na jinsi ulivyoibana. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho anayejitazama kwenye kioo anaweza kukipima. Oktoba 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi na wataalamu wa afya kwa pamoja wasitumie kalamu hizi kuingiza fila, ikataja majeraha ya ngozi, midomo na macho ambayo mengine hayaponi. Ona kwamba wataalamu hawakuruhusiwa kuendelea ati kwa kuwa wana ujuzi. Ujuzi hausaidii pale ambapo kifaa chenyewe hakitawaliki.

Sasa tuje kwenye mishipa, kwa sababu hapa ndipo panapotenganisha uvimbe wa kawaida na janga. Kila mdomo, wa juu na wa chini, una mshipa wake unaoleta damu, nao ni tawi la mshipa mkubwa wa uso unaopanda kando ya pua na kukutana huko juu na matawi ya mishipa inayolisha jicho. Jeli ikiingia ndani ya mshipa, au ikiubana kwa nje, nyama iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa ndani ya saa chache au siku chache. Ikisukumwa na mgandamizo mpaka kwenye mishipa ya jicho, mtu anaweza kupofuka dakika hiyo hiyo. Ikifika kwenye mishipa ya ubongo ni kiharusi. Haya hutokea mara chache, na niseme ukweli wote: hutokea hata kwa madaktari wanaotumia sindano. Tofauti ni kwamba daktari anasukuma polepole, tone baada ya tone, macho yake yako kwenye rangi ya ngozi, na ikibadilika anaacha papo hapo. Kalamu haina polepole. Ukishabonyeza, dozi yote imeshaingia kabla hujapepesa. Watetezi wenye kuijua kidogo kazi hii wana hoja moja nzito kuliko zote: kwamba kalamu haina nguvu ya kufika kwenye mishipa, inaishia juujuu. Lakini mshipa wa mdomo haukai mahali pamoja kwa kila mtu. Kwa wengine umelala chini kidogo tu ya ule utando laini wa ndani ya mdomo. Halafu hata tukikubali kwamba mara nyingi jeli inaishia juujuu, huko juujuu si mahali pake: ndipo yanapotoka yale manundu madogo yanayoonekana mtu akicheka, na midomo yenye upande mmoja mzito kuliko mwingine.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna jambo la ziada ambalo mafunzo mengi ya mitandaoni hayaligusi, kwa sababu yametengenezwa na watu weupe kwa ajili ya watu weupe. Dalili ya mshipa ulioziba huelezwa kuwa ni ngozi kuwa nyeupe, kisha kupata mabaka ya zambarau yaliyosukana kama wavu. Kwenye ngozi nyeusi mabaka hayo yanaweza yasionekane mpaka hali imeharibika. Pa kutazama ni ndani: pindua mdomo, angalia ule utando wa ndani na ufizi, bonyeza kwa kidole na uachie, uone kama wekundu unarudi mara moja au unachelewa. Maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua ni dalili nyingine, ila aliyejipaka krimu ya ganzi kabla ya kuanza amejizimia king'ora chake mwenyewe. Na hata pale ambapo hakuna mshipa ulioguswa, ngozi zetu zina tabia ya kuacha weusi mahali palipoumia, na kwa baadhi yetu kovu dogo huota na kuvimba. Midomo iliyotafutwa kwa ajili ya picha za sherehe inaweza kubaki na alama kwa miaka.

Kuhusu usafi sitachukua muda mrefu, ila kuna tukio moja linafaa kujulikana. Kati ya mwaka 1984 na 1985, katika kliniki moja ya kupunguza uzito huko California, watu walikuwa wakipulizwa dawa kwa mtambo usio na sindano. Wateja kadhaa wakapata homa ya ini aina ya B, na uchunguzi ukauelekea mtambo ule. Sababu inaeleweka: dawa inapopiga ngozi kwa kasi, matone madogo ya damu na majimaji huruka nyuma na kunata kwenye kichwa cha kifaa, kisha yanamsubiri mteja anayefuata. Mwaka 1997 jeshi la Marekani likaacha kuchanja askari wake kwa mitambo ya namna hiyo. Vichwa vya kalamu za midomo vimetengenezwa kutumika mara moja na kutupwa. Lakini ukiuza huduma kwa bei ya chini na vichwa vya akiba vinatoka China kwa wiki kadhaa, kishawishi cha kusuuza kwa spiriti na kuendelea ni kikubwa, na mashoga wanne walionunua kalamu moja kwa mchango hawatanunua kila mmoja kichwa chake. Ongeza na watu wenye vidonda vya homa mdomoni, ambavyo virusi vyake hulala kwenye neva na kuamka ngozi ikisumbuliwa.

Hoja ya bei ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu ni ya kweli. Mwanamke wa Makorora au Mikanjuni akitaka kujaza midomo kwa daktari, safari yake ni ya Dar es Salaam, nauli, malazi na gharama ya huduma ambayo kwa wengi ni mtaji mzima wa biashara. Dada wa Ngamiani alinitajia Sh 45,000, midomo yote, na unaweza kulipa nusu leo nusu mwisho wa mwezi. Mtu akikwambia "mnatuambia urembo ni wa matajiri", usimcheke. Kuna ukweli ndani yake. Lakini hoja hii inathibitisha jambo jingine kuliko lile inalodhani. Bei ya daktari si ya jeli peke yake. Ndani yake kuna dawa ya kuyeyusha jeli ikikosea njia, haialuronidasi, inayokaa karibu kabla kazi haijaanza. Kuna mtu anayejua kuitumia. Na kuna rekodi ya kilichoingizwa. Kalamu ni rahisi kwa sababu imeyatoa yote hayo. Anayelipa Sh 45,000 hajapunguziwa bei ya huduma ile ile. Amenunua sehemu moja ya huduma, na ile sehemu ya dharura ataitafuta mwenyewe usiku, kwa bodaboda.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayorudiwa sana: "Fulani alifanya, hakupata kitu." Hakuna anayesema kila mtu atapofuka. Hatari ya namna hii haionekani kwa kuhesabu marafiki watano waliosalimika. Inaonekana kwa kuuliza, akitokea mmoja asiyesalimika, kuna nini mezani cha kumwokoa? Kisha hawa waliosalimika tunawajua kutokana na picha walizopiga siku ile ile, wakati midomo imejaa kwa uvimbe wa kupigwa zaidi ya kujaa kwa jeli. Baada ya wiki mbili, uvimbe umeshuka na manundu yametokea, picha haziwekwi. Dada zetu wanaouza huduma hii wanaonyesha albamu ya kabla na baada. Sijaona albamu ya mwezi mmoja baadaye. Ndugu yake hoja hiyo ni ile inayodai kwamba madaktari wanalinda soko lao. Inawezekana wapo wanaolilinda. Lakini onyo la FDA halikuishia kwa watu wa kawaida. Lilisema kifaa hiki kisitumike na mtu yeyote, akiwemo daktari anayetaka kukitozea pesa. Soko gani linalindwa kwa kumzuia mwenye soko?

Nisiwaache salama wanaokemea. Mapambo ya mwili hatukuletewa na simu. Mwali wa Tanga anasingwa kwa liwa, anapakwa hina mikononi na miguuni, anatiwa wanja, anafukizwa udi, na somo wake anakaa pembeni kuhakikisha kila kitu kimekwenda sawa. Kumwambia binti aliyelelewa katika utamaduni huo kwamba kutaka kupendeza ni uhuni ni kupoteza pumzi. Tena kuna madhara yake: binti aliyekemewa vya kutosha, mdomo ukianza kuuma saa nne usiku, hatamwamsha mama yake. Atajifunika shuka, atabana barafu, atamwandikia aliyemuuzia, ambaye atamjibu kwamba ni kawaida itapungua. Barafu yenyewe hubana mishipa iliyokwisha kubanwa. Saa zinakwenda. Kwa hiyo kemeo linalosifiwa kuwa kinga ndilo linalochelewesha tiba. Tulikwisha kuyaona haya kwenye piko. Ile rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali ya PPD ilipoanza kuchanganywa na hina ili maua yakolee haraka, kuna mabiharusi waliotoka malengelenge mikononi na wengine wakabaki na makovu yenye umbo la maua yale yale. Mahubiri dhidi ya urembo hayakusaidia kitu. Kilichosaidia kidogo ni pale baadhi ya wapambaji wenyewe walipoikataa na kumwambia mteja usoni kwamba wao wanapaka hina tupu, akitaka piko aende kwingine. Mpambaji anasikilizwa na mteja kuliko mtu yeyote wa serikali. Ningependa kalamu ianze kukataliwa na watu hao hao.

Lakini siwezi kuwabebesha wapambaji mzigo wa mamlaka. Mwaka 2019 iliyokuwa TFDA, mamlaka yetu ya chakula na dawa, ilibadilishwa kuwa TMDA, ikabaki na dawa, vifaa tiba na vitendanishi, huku chakula na vipodozi vikihamia Shirika la Viwango, TBS. Mgawanyo huo una mantiki yake, ila bidhaa kama hii inakaa mpakani mwake. Kalamu inatangazwa kama kifaa cha urembo, jeli inatangazwa kama kipodozi, na ukizitazama moja moja unaweza kuamini hivyo. Ukiziunganisha, umepata mashine ya kupenyeza kitu chini ya ngozi ya binadamu. Kwa maoni yangu jambo hilo halina pa kukaa zaidi ya TMDA, na taasisi hizo mbili zingeliweka wazi kwa tangazo moja la pamoja, kwa Kiswahili chepesi, lenye picha ya kalamu yenyewe, wauzaji wasingekuwa na pa kujificha. Wanaotaka marufuku tu wakumbuke mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwa miaka mingi, vinakamatwa na kuchomwa, na bado ukitaka kujichubua hutakosa wa kukuuzia. Kitu kinachoingia kwenye mkoba wa begani hakizuiwi mpakani Horohoro wala bandarini. Kinazuiwa pale kinapouzwa na pale kinapotumiwa.

Kwa upande wa tiba, swali ni jepesi na ningependa lijibiwe kabla hajatokea mgonjwa. Haialuronidasi si dawa ya kuikuta kwenye kila duka la dawa mtaani. Je, Bombo, ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa wetu, imeiweka kwenye orodha ya mahitaji yake, na tabibu wa zamu usiku anajua itumike vipi? Kama haipo, ni chupa ngapi zinahitajika mpaka iwepo? Na tuseme ipo: haitasaidia kitu ikiwa kichupa kisicho na jina kilikuwa na silikoni au uchafu mwingine, maana inayeyusha haialuroni tu. Ndiyo maana anayekwenda hospitali abebe boksi, kichupa na kalamu, avipeleke mezani bila aibu, aseme saa ngapi alijipiga na mara ngapi. Akiona giza ghafla au jicho likiuma, asisubiri hata kuvaa vizuri; retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ikikosa damu haina saa nyingi.

Umri ni suala ambalo nadhani halina ubishi hata kati ya makundi yale mawili. England, tangu 1 Oktoba 2021, ni kosa la jinai kumjaza fila mtu wa chini ya miaka 18 kwa ajili ya urembo, hata mzazi akiridhia. Hapa kwetu kalamu inanunuliwa na yeyote mwenye salio, na mwanafunzi wa kidato cha tatu ana simu. Hilo lingeweza kuanza na Jiji letu la Tanga bila kusubiri sheria ya Bunge: maofisa afya wanaokagua saluni kwa ajili ya usafi waongeze swali moja kwenye ukaguzi wao, kama hapo kuna kifaa kinachopenyeza kitu chini ya ngozi, na jibu likiwa ndiyo lifikishwe TMDA.

Ila nina ombi kuhusu namna ya kukagua. Dada wa Ngamiani alinunua kalamu yake kwa mkopo wa kikoba, na marejesho hajamaliza. Ukimnyang'anya, ukampiga faini na kumpiga picha na bidhaa haramu, umemfilisi mtu mmoja, na wenzake watano watahamishia kalamu zao chumbani, ambako ofisa afya haingii. Wengine wataziuza kwa bei ya hasara kwa binti wa jirani, warudishe hata nusu ya fedha. Mimi ningempa muda wa kuisalimisha bila adhabu, nikamuomba kitu kimoja tu: ujumbe wa M-Pesa wa siku aliyonunua. Una jina la aliyepokea fedha, namba yake, kiasi na saa. Huyo aliyepokea ndiye aliyejua kwamba vichupa havina tarehe, ndiye anayewauzia wengine kutoka Pangani mpaka Korogwe, na bado anapost.